Fimbo za gofu za chuma za urefu mmoja kwa mtu mfupi mwenye swingi (mzungusho wa fimbo) ya polepole: nichukue?

bi_kunduchi

Habari za jioni wanajukwaa, na wakubwa zangu shikamooni.

Naomba mnisaidie kabla sijatuma hela, maana ikishavuka bahari hairudi. Nina miaka 47, gofu nilianza nikiwa na 41, handikapu yangu ni 24, yaani bado ni mchezaji wa kawaida tu. Jumamosi asubuhi huwa niko Lugalo, na mara mojamoja nakaribishwa Gymkhana. Urefu wangu sentimeta 160.

Shida yangu ni hii. Mimi na chuma 8 (fimbo ya chuma namba 8; namba ikipungua fimbo inarefuka) tunaelewana. Hata nisipocheza wiki mbili, nikiishika mpira unaondoka safi. Nikipanda chuma 6 na 5, mikono inakuwa kama haijawahi kushika fimbo: mara naugonga mpira utosini unatambaa mita thelathini, mara nachimba udongo kabla sijaufikia. Nikishuka kwenye weji, ile fupi kuliko zote, nainama mpaka kiuno kinauma. Nimejifungua kwa upasuaji mara mbili na mgongo wangu haujawa ule wa zamani. Kedi wangu, anayenibebea begi, ananiambia kila fimbo nasimama kivyangu, na ni kweli.

Sasa mdogo wangu yuko Leicester. Ameona seti ya Cobra One Length, mkono wa pili, chuma 5 mpaka weji, zote zina urefu wa chuma 7. Ni za kiume, mipini ya chuma, ugumu wa regula, yaani wa kawaida. Wanataka pauni 230, naye anakuja mwezi ujao, atazibeba. Hili wazo la kusimama mara moja tu kwa fimbo zote limenikaa kichwani, usiku nageukageuka tu.

Je, kwa mtu kama mimi zinafaa? Urefu wenyewe unachaguliwa kwa kipimo gani? Na zikinikataa, hapa Dar yupo wa kuzirekebisha?

Mzizima18

Dada chukua, usijiulize mara mbili. Bryson DeChambeau, yule Mmarekani mchezaji wa kulipwa, chuma zake zote zina inchi 37.5, na kwa mtindo huohuo alichukua US Amateur 2015, akachukua US Open 2020 pale Winged Foot, akarudia 2024 Pinehurst. Ni mtu aliyesoma fizikia chuoni. Hawezi kubeba begi la makosa miaka yote hiyo. Swingi moja, mpira sehemu moja, miguu sehemu moja.

Mimi mwenyewe nazitafuta. Nikikosa nitatengeneza kwa hizi nilizonazo: chuma 5 nakata, weji narefusha, kazi imekwisha.

babu_upanga

Marahaba wanangu.

Nimezicheza miaka miwili, nikaziacha bila ugomvi. Nina miaka 68. Chuma 8, 9 na weji zilinipa raha ambayo sikuwa nimeipata miaka mingi. Mgongo ulinyooka, kama dada anavyosema. Kilichonishinda ni juu. Chuma 7 yangu ilifika mita 118. Chuma 6 ilifika 122. Chuma 5 ilifika 123. Nikawa na fimbo tatu zinazotua kwenye kapeti moja, na sheria inaniruhusu 14 tu begini.

La pili, upepo. Weji ndefu ilinirushia mpira juu mno. Kaskazi ikiwa imetulia hakuna neno, lakini Julai na Agosti kusi inapovuma mpira unasimama hewani, unarudi nyuma ya pale ulipolenga. Na la tatu, kuchipu, yaani kuudokoa mpira kwa pigo fupi, pembeni ya grini kwa weji yenye urefu wa chuma 7, mpini unakugusa tumbo. Nilibaki na weji yangu fupi ya zamani kwa kazi hiyo.

Wazo lenyewe si la jana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Tommy Armour walitoa seti zilizoitwa EQL, urefu mmoja, nazo hazikudumu sokoni. DeChambeau ndiye aliyelifufua.

fundi_jiliwa

Mzee wangu wa Upanga, shikamoo. Dada, pole na mgongo. Nitaandika kirefu kwa sababu swali lako nimelikuta mezani kwangu mara nyingi, na nimeona watu wakipoteza hela ambayo isingepotea kwa nusu saa ya kujaribu.

Nilibeba mabegi tangu nikiwa darasa la sita. Leo ni fundi wa fimbo, nina meza na jiliwa kwenye chumba cha uani huku Mwenge, mwaka wa 19. Seti za urefu mmoja nimezishika kumi na moja. Nne zilirudi.

Kwanza uone seti ya kawaida ilivyojengwa. Ukizipanga fimbo zako ukutani, kila namba imepungua nusu inchi kutoka ile iliyotangulia. Kwenye fimbo za kiume chuma 5 ni inchi 38 hivi, chuma 7 ni 37, chuma 9 ni 36. Kichwa nacho kinaongezeka uzito: chuma 5 ina gramu 256 hivi, chuma 7 kama 270, weji inakaribia 290. Kwa hiyo kila mpini unapofupika nusu inchi kichwa kinanenepa gramu 7, ili mkononi zote zionekane zina uzito mmoja. Hapo hujagusa lai, yaani pembe ya mpini na ardhi fimbo ikiwa imekaa. Nayo inasimama zaidi kadiri fimbo inavyofupika.

Fimbo za urefu mmoja zinavunja mpangilio huo wote. Vichwa vyote gramu zilezile, lai ileile, mpini uleule. Kinachobaki kutofautisha chuma 5 na weji ni lofti peke yake, yaani mlalo wa uso wa fimbo. Hapo ndipo raha na taabu vilipo. Raha ameieleza mzee: kusimama kumoja, mpira mahali pamoja. Taabu pia ameieleza. Chuma 5 ya kawaida inafika mbali kwa mambo mawili, uso wake uliosimama na urefu wa mpini unaoongeza mwendo wa kichwa. Ukiukata mpini, umebaki na jambo moja. Mtu mwenye mwendo mkubwa hasikii. Mwenye mwendo mdogo mpira unatoka chini, hauna muda wa kukaa hewani, unaanguka palepale alipoangushia chuma 6.

Ndiyo maana, mdogo wangu Mzizima, mfano wa DeChambeau hausaidii hapa. Yule ni mtu wa sentimeta 185 na zaidi, na ni miongoni mwa wapigaji wenye nguvu kuliko wote duniani. Inchi 37.5 ni urefu wake yeye, kwa mikono yake na namna anavyosimama. Dada ana sentimeta 160.

Turudi kwenye swali la urefu. Watu wanapima kutoka mkunjo wa kiganja hadi sakafuni, umevaa viatu vya gofu, mikono imening'inia. Ni kipimo kizuri cha kuanzia, nipe chako. Ila mimi nakiamini zaidi kitu kingine: fimbo gani mkono wako umeichagua wenyewe. Umeshasema, ni chuma 8. Chukua futi ya fundi cherehani uipime, kutoka kisigino cha kichwa pale kinapogusa sakafu mpaka mwisho wa gripu, pale pa kushikia. Hiyo namba ndiyo ya kwanza kabisa kwenye mazungumzo haya. Cobra unazouziwa za kiume zitakuwa inchi 37 na ushee. Nina hofu zimekupita kwa mbali.

Sasa jaribio, na halitakugharimu hata 10,000. Nenda kwa fundi matairi yeyote, mwombe vile vipande vya kubalansi rimu, vya kubandika, vya gramu 5 na gramu 10. Chukua chuma 5 yako. Iweke sambamba na chuma 8, visigino vikae usawa mmoja, uangalie chuma 8 inaishia wapi kwenye gripu ya chuma 5. Zungusha tepu hapo. Nyuma ya kichwa cha chuma 5, kwenye lile bonde, bandika gramu 20, katikati, uisugue kwa spiriti kwanza ili gundi ishike. Hapo umepata chuma 5 yenye urefu na uzito wa chuma 8. Si sawasawa kabisa, kwa sababu kipande cha mpini kinabaki juu ya mikono yako, na lai imelala kidogo, mpira unaweza kukimbilia kulia. Lakini jibu utalipata.

Piga mipira 20 kwa chuma 5 ukiishika juu kama kawaida. Pumzika, kunywa maji. Piga 20 ukiwa umeshika chini ya tepu, umesimama kama unavyosimama na chuma 8. Kedi asimame mbele, pembeni, akuhesabie vitu viwili: mingapi imeondoka safi, na imeangukia mita ngapi. Mpira unapoangukia, usihesabu unapoishia. Ardhi ya Januari ngumu kama sakafu inaweza kukudanganya mita kumi na tano.

Lete majibu hapa. Na mdogo wako mwambie asilipe kwanza.

Mzizima18

Fundi nimekuelewa kuhusu dada. Lakini yangu hujanijibu. Kwa nini nisikate chuma 5 na kurefusha weji za seti niliyonayo? Mipini ninayo, gundi ya araldaiti Kariakoo imejaa.

fundi_jiliwa

Nilifanya hivyohivyo, nikamfanyia mteja, na ndiyo seti ya kwanza iliyorudi.

Hesabu yake ni hii. Nusu inchi ya mpini ni pointi tatu kwenye mizani ya swingi, yaani kipimo cha kichwa kinavyohisiwa kizito mkononi. Gramu mbili za kichwa ni pointi moja. Weji ya inchi 35.5 ukiipeleka 37 umeongeza pointi tisa. Mizani hiyo inapanda kwa namba na herufi, C, D, E: fimbo iliyokuwa D2 inakuwa E1, unahisi umefunga nyundo mwishoni mwa mpini. Kuirudisha unatakiwa uondoe gramu 18 au 20 kwenye kichwa, na kichwa cha weji hakina pa kunyofoa hizo bila kuharibu soli yake, ule upande wa chini. Upande wa chuma 5 ni rahisi, kuongeza kunawezekana. Kupunguza ndiko hakuna njia. Ndiyo maana seti hizi vichwa vyake vinamiminwa maalumu.

Yule mteja wangu alikuwa mtu mzima, mvumilivu. Nilichomeka vipande vya kurefushia kwenye chuma 8, 9 na weji, nikaweka gripu mpya, nikampa nikiwa na furaha. Wiki mbili baadaye akanileta uwanjani nione mwenyewe. Chuma 7, moja kwa moja. Chuma 9, kushoto. Weji, kushoto zaidi, mita nane au tisa kutoka kwenye bendera, mpira baada ya mpira, na swingi yake ilikuwa nzuri kabisa. Nikachora mstari wa kalamu nene kwenye mpira, nikauelekeza mstari wima mbele ya uso wa weji, nikamwambia piga. Nilipogeuza fimbo, alama ya wino usoni ilikuwa imelala, juu yake inaelekea kwenye ncha ya fimbo. Maana yake lai imesimama mno, ncha iko juu, kisigino ndicho kinachofika chini. Weji lai yake imetengenezwa kwa mpini mfupi. Nimeurefusha mpini, lai nikaiacha palepale. Na kadiri uso unavyolala zaidi, ndivyo kosa la lai linavyoutupa mpira kushoto zaidi, ndiyo maana weji ilizidi chuma 9.

Vile vichwa vilikuwa vya kumiminwa, chuma kigumu. Vya kufuliwa vinakubali kukunjwa, hivi vya kumiminwa nyuzi moja au mbili, ukilazimisha shingo inapasuka. Nikamrudishia hela yake na nikamrudishia fimbo zake katika urefu wa mwanzo, kwa gharama yangu. Sijawahi kurefusha weji tena kwa kazi hiyo.

bi_kunduchi

Fundi, asante sana. Nimefanya yote jana alfajiri, saa kumi na mbili na robo nilikuwa uwanja wa mazoezi na kedi wangu na vile vipande vya rimu. Fundi matairi wa Tegeta hakutaka hela, alitaka tu kujua naenda kubalansi nini.

Kiganja hadi sakafuni, na viatu: sentimeta 79.
Chuma 8 yangu (seti yangu ni ya kike, grafaiti): sentimeta 90, kama inchi 35 na nusu.
Chuma 5: sentimeta 94.

Chuma 5 kwa kawaida yangu, mipira 20: safi 6. Ile sita mizuri ilitua mita 104.
Chuma 5 nikishika chini ya tepu na gramu 20 nyuma: safi 14. Ilitua mita 95, mingine 97. Mingi ilitoka kidogo kulia kama ulivyosema.
Chuma 6 nilipiga kumi tu, ilitua 95.
Chuma 8: mita 87, safi 17 kati ya 20.

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia kwenye ile mipira 14. Kuna mmoja, nadhani wa tano, uliondoka na ule mlio wa chuma 8 kutoka kwenye chuma 5. Kedi alinyanyua mkono tu, hakusema kitu. Machozi yalinilenga, na sioni aibu kuyaandika, kwa sababu miaka sita nimekuwa nikijiambia mwili wangu hauwezi hizi fimbo.

Lakini naona na tatizo. Mita 95 ni ileile ya chuma 6.

babu_upanga

Mwanangu, hilo la mita ndilo lililonitoa mimi. Lakini mimi sikuwahi kupata 14 kati ya 20. Msikilize fundi.

fundi_jiliwa

Dada, hongera, na huyo kedi wako ameifanya kazi vizuri, mpe chai.

Majibu yako yamesema mambo mawili kwa pamoja na yote ni ya kweli. Mikono yako inataka urefu mmoja. Mwendo wako hautoshi kubeba chuma 5 kwa urefu huo. Huhitaji kuchagua moja ulitupe jingine. Nunua urefu mmoja kuanzia chuma 7 kushuka mpaka weji, basi. Juu yake weka haibridi, ya namba 5 na pengine ya namba 4. Haibridi ina tumbo pana, uzito wake uko chini na nyuma, mpira unapanda wenyewe hata mwendo ukiwa mdogo. Mpini wake ni mrefu kidogo, ndiyo, lakini watu wengi wanaoteseka na chuma 5 hawateseki nayo. Huo ndio mpangilio wa seti saba zilizobaki kwa wenyewe kati ya zile kumi na moja, karibu zote.

Urefu sasa. Kwa sentimeta 79 za kiganja na chuma 8 ya inchi 35.5, mimi ningekaa kwenye inchi 36. Ni ndefu kidogo kuliko chuma 8 yako, ili chuma 7 isipoteze mita, na ni ndefu kuliko weji yako ya sasa kwa inchi moja na nusu hivi, huo ndio unafuu wa kiuno chako. Usipande zaidi ya hapo kwa sababu ya mgongo. Fimbo iliyozidi kimo inakusimamisha wima mpaka mikono inakosa pa kupita, na mtu anaanza kuukwepa mpira.

Kuhusu seti ya Leicester. Kuzikata kutoka 37 na robo hadi 36 kunapunguza pointi saba na ushee. Kwa mwanamume ingekuwa kasoro, ningemjazia madini ya risasi shingoni mwa kichwa ili kiwe kizito. Kwako wewe D1 ikishuka C4 ndipo fimbo nyingi za kike zilipo, kwa hiyo kichwani sigusi kitu, au gramu nne tu ukisema unakihisi chepesi. Hapo tuna bahati.

Tusipo na bahati ni kwenye mipini. Mpini wa chuma wa kiume unaweza kufika gramu 100 na zaidi, wa grafaiti uliozoea uko gramu 55 au 60. Kisha ukiukata kwa juu unakuwa mgumu zaidi. Utapiga mashimo tisa vizuri, kuanzia la kumi na mbili jua likishapanda mikono itachoka na ile raha ya alfajiri utaitafuta. Kwa hiyo mwambie mdogo wako aulizie kama kuna seti ileile yenye grafaiti, Cobra walizitoa na grafaiti pia, ugumu laini kuliko regula akipata. Asipopata, chukua hiyo iliyopo kwa bei pungufu, kisha tutabadilisha mipini minne tu, ya chuma 7, 8, 9 na weji. Chuma 5 na 6 uza, Mzizima yuko hapa anatafuta.

Na usiniletee zote nizikate siku moja. Nitakata mbili, chuma 7 na weji. Utacheza nazo wiki mbili. Mpini ukishakatwa haurudi.

Jambo dogo: gripu. Ukiwa unabadilisha, chukua zenye uzi ndani yake kama mkono wako unavumilia ukavu wake. Joto hili la kwetu na jasho, gripu laini ya mpira inateleza kuanzia Novemba mpaka masika yanapoisha, na mtu akihisi inateleza anaikaba, akiikaba swingi yote inakufa. Gripu nene nzito nayo inakula pointi, gramu tano hivi kwa pointi moja, ndiyo maana nataka kuijua kabla ya kupima.

Mzizima18

Chuma 5 na 6 nipo, fundi. Na ule mradi wa kurefusha weji nimeuweka chini.

bi_kunduchi

Narudi baada ya wiki saba, samahanini kwa ukimya.

Mdogo wangu alipata za grafaiti, ugumu laini, pauni 260. Alifika nazo akaja moja kwa moja nyumbani, hatukulala, tulizipanga sebuleni chini mpaka wanangu wakaamka kuuliza kuna nini.

Nilikwenda kwa fundi Mwenge siku ya Jumatatu. Nataka niwaeleze nilichoona kwa sababu sikujua kama kazi hii inafanywa hivi. Alinipigisha kwanza mipira ya mazoezi, ile ya plastiki, uani kwake, kwa chuma 7 ikiwa bado ndefu. Akanichora mstari kwenye mpira, akanionyesha wino ulivyolala usoni. Akachana gripu kwa kisu cha mdomo uliopinda, akafunga mpini kwenye jiliwa na vipande vya ngozi ili usipondeke, akapima mara tatu. Mara ya tatu aliniita nipime mimi. Kisha akazungusha tepu pale pa kukatia ili grafaiti isichanike nyuzi, akakata polepole kwa msumeno wa meno madogo, vumbi lake jeusi akalifuta kwa kitambaa cha maji, akaniambia nisimame mbali nisilivute puani. Akachukua msasa akalainisha ukingo. Fimbo mbili, saa moja na nusu.

Chuma 7 inatua mita 92. Chuma 8 na 9 zinasubiri wiki yao. Weji kwa mipira safi inatua mita 74, na weji yangu ya zamani ilikuwa mita 65. Mgongo, nimecheza mashimo 18 Jumamosi mbili mfululizo na nimerudi nyumbani nikapika.

Sasa fundi, swali. Hiyo weji imeniongezea mita 9, na chini yake sina kitu mpaka weji ya mchanga, ambayo inatua 48. Jumamosi iliyopita nilikuwa na mita 58 mbele ya grini, kusi usoni, na nikasimama pale sijui nishike ipi. Niuegemeze mbele mpini wa weji ya mchanga ili ifike mbali zaidi, au ninunue nyingine ya katikati?

fundi_jiliwa

Nyingine ya katikati, na iwe fupi ya kawaida, si ya urefu mmoja. Weji yako mpya imesimama, lofti yake niliipima nyuzi 45. Ya mchanga ni 56. Hapo kuna shimo la nyuzi 11, tafuta ya 50 au 51. Ninazo mbili za mkono wa pili hapa, moja mpini wake ni wa kike. Usiinunue bado. Njoo nayo Lugalo Jumamosi, nitakuwa pale saa kumi na mbili na nusu. Chukua mipira kumi, tusimame kwenye mita 58 ileile.

Na chuma 8 na 9 njoo nazo.